Kunguni wa Jengo Zima: Udhibiti wa Kunguni katika Nyumba za Kupanga za Kampala

Kunguni anapoonekana katika nyumba ya kupanga jijini Kampala, swali linaloulizwa kwanza ni nani aliyemleta, na swali hilo, ingawa lina uzito kwa wanaogombea nani alipe, huchelewesha tiba kuliko jambo jingine lolote. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba katika jengo lenye kuta, paa, ngazi na nyaya za pamoja, kunguni ni mdudu wa jengo, na kwamba karibu kila njia inayotumika Kampala leo, kuanzia chupa ya dawa inayonunuliwa kwa mchuuzi hadi mkataba wa upangaji, hushindwa kwa sababu humhesabu kuwa mali ya mpangaji mmoja.

Jiji lenyewe linampa mdudu huyu kila anachohitaji. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 1.8 ndani ya mipaka ya Kampala, yaani katika tarafa tano za Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga, mbali na umati unaoingia kila asubuhi kutoka wilaya jirani za Wakiso na Mukono na kurejea jioni. Wengi wa wakazi hao ni wapangaji, na nyumba wanazopanga hazifanani. Iko mizigo, ndivyo vinavyoitwa vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu, kimoja kikigusana na kingine chini ya paa moja la bati, ambavyo ndivyo makazi ya watu wengi wa kipato cha chini kuanzia Bwaise na Kisenyi hadi Katwe na Namuwongo. Ziko hosteli za wanafunzi zilizozunguka Chuo Kikuu cha Makerere, hasa upande wa Kikoni na Wandegeya, ambamo vitanda vya chuma vya ghorofa mbili hupangwa karibukaribu. Yako maghorofa ya zamani ya Bugolobi na Bukoto, yaliyokuwa ya Shirika la Taifa la Nyumba na Ujenzi kabla ya kuuzwa nyumba mojamoja kwa wakazi, na yako maghorofa mapya ya watu binafsi yanayozidi kuota katika vilima vya Ntinda, Kyanja na Muyenga. Kunguni hachagui kati ya makazi haya kwa kipimo cha utajiri, bali kila aina ya jengo humpa njia yake ya kupita.

Kunguni wanaomsumbua binadamu ni wa spishi mbili: Cimex lectularius, anayejulikana zaidi katika nchi za baridi, na Cimex hemipterus, kunguni wa tropiki, ambaye ndiye aliyeenea katika ukanda wa joto. Wote wawili hawana mabawa ya kuruka, hula damu tu, na hukua kwa hatua: yai huanguliwa baada ya siku sita hadi kumi hivi, kisha tunutu, yaani mdudu mchanga ambaye hajakomaa, hupitia hatua tano, na kila hatua humlazimu apate mlo wa damu kabla ya kujivua ganda na kuingia hatua inayofuata. Panapokuwa na joto la kutosha na mtu wa kunyonywa kila usiku, mzunguko huo hukamilika kwa muda wa miezi miwili au chini yake, na jike mmoja huweza kutaga mayai 200 na zaidi maishani mwake. Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi na ambayo joto lake hucheza kati ya nyuzi 17 na 29 za Selsiasi mwaka mzima, haina majira ya baridi ya kumpunguza kasi. Zaidi ya hayo, kunguni wa tropiki ana sifa ambayo miongozo mingi ya udhibiti, iliyoandikwa Ulaya na Marekani kwa kumfikiria yule wa nchi za baridi, haiitilii maanani: miguu yake ina vinyweleo vingi zaidi vya kushikia, hivyo hupanda sehemu laini za plastiki na kioo kwa wepesi, na mitego ya vikombe vinavyowekwa chini ya miguu ya kitanda, ambayo kwingineko humnasa mdudu akashindwa kutoka, kwake huwa na kinga ndogo. Kopo lenye maji au mafuta ya taa chini ya mguu wa kitanda, mbinu inayojulikana katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, humzuia vizuri zaidi, lakini kwa sharti kwamba kitanda hakigusi ukuta na wala shuka au chandarua haviburuziki sakafuni, jambo ambalo katika chumba kimoja cha mita tatu kwa tatu chenye kitanda, meza, vyombo na watoto ni gumu kulitimiza.

Sababu ya kulitazama jengo zima huonekana wazi mtu anapofuatilia safari za mdudu huyu. Mchana kunguni hujificha penye ufa mwembamba unaombana mgongo na tumbo kwa pamoja: kwenye mishono ya godoro, baina ya chaga na fremu, ndani ya mabomba ya vitanda vya chuma yasiyozibwa ncha, nyuma ya ubao wa ukingo wa sakafu, chini ya plasta iliyopasuka na ndani ya visanduku vya soketi. Idadi inapoongezeka, au majike wanapokimbia usumbufu wa madume wanaowatoboa tumbo katika kujamiiana, au dawa inapopulizwa na kuwafukuza badala ya kuwaua, baadhi yao huhama. Katika safu nyingi za mizigo ukuta unaotenganisha vyumba huishia kwenye usawa wa mbao za paa, na juu yake hubaki uwazi mmoja unaopita kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, kwa kuwa dari ni gharama ambayo mjenzi aliiepuka. Katika maghorofa njia huwa mabomba ya plastiki yanayopitisha nyaya za umeme kutoka nyumba moja hadi nyingine, mashimo ya mabomba ya maji yasiyozibwa kwa saruji, na nafasi iliyo chini ya mlango inayofungukia kwenye ukumbi wa pamoja.

Mfano uliochunguzwa kwa makini zaidi unatoka mbali, lakini funzo lake linaihusu Kampala moja kwa moja. Watafiti waliokagua jengo la ghorofa lenye nyumba 223 jijini Indianapolis, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010, waliona kwamba katika muda wa miezi 41 tangu kunguni wa kwanza kuthibitishwa, asilimia 45 ya nyumba zote za jengo hilo zilikuwa zimeingiliwa, kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zilizopakana na zile zenye kunguni nazo zilikuwa nao, na kwamba nusu hivi ya wakazi waliohojiwa ambao nyumba zao zilikuwa na kunguni hawakujua. Jambo hilo la mwisho ndilo zito kuliko mengine. Miili ya watu haiitikii mate ya kunguni kwa namna moja. Mmoja huvimba na kujikuna usiku kucha, na mwingine aliyelala kitanda hichohicho haoni hata alama. Mfumo unaomsubiri mpangaji alalamike ndipo chumba chake kishughulikiwe huacha nje, tangu siku ya kwanza, vyumba ambamo mdudu anazaliana bila kelele, na vyumba hivyo ndivyo vinavyowarudisha kunguni kwa jirani wiki chache baada ya jirani huyo kutumia akiba yake kununua dawa.

Namna wanavyofika jengoni kwa mara ya kwanza haihitaji maelezo marefu. Husafiri katika mizigo ya mabasi yanayoingia jijini kutoka kila pembe ya nchi na kutoka Kenya, Rwanda na Sudan Kusini. Husafiri katika makochi na vitanda vilivyotumika vinavyouzwa na mpangaji anayehama kwa yule anayehamia. Na husafiri zaidi, pengine, katika magodoro ya wanafunzi wa shule za bweni, ambao nchini Uganda huenda shuleni na godoro na sanduku la bati mwanzo wa muhula na mara nyingi hurudi navyo likizo inapofika, mara tatu kwa mwaka. Bweni moja lenye kunguni huweza kwa siku moja kuwasambaza katika mitaa mingi kuliko soko lolote la vitu vya mitumba. Kwa hiyo hata jengo linalosafishwa vyema litaingiliwa tena, na mpango wowote unaoahidi kummaliza kunguni mara moja na kwa daima unawadanganya wanaoulipia.

Silaha inayotegemewa zaidi ni dawa, na historia ya dawa katika eneo hili inaeleza kwa nini silaha hiyo imekuwa butu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, DDT iliwaua kunguni kwa urahisi usiowahi kuonekana, na pale ambapo kampeni za kupambana na malaria zilipuliza dawa hiyo kwenye kuta za nyumba, kama ilivyofanywa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kuanzia mwaka 1959, kuondokewa na kunguni ndiyo faida ambayo mwenye nyumba aliiona kwa macho yake, tofauti na mbu ambao kupungua kwao hakuonekani kwa haraka. Lakini usugu, yaani uwezo wa kizazi cha wadudu kustahimili kipimo cha sumu kilichowaua wazazi wao, ulikuwa umeshajitokeza: mwaka 1947 kunguni wa kambi za wanamaji wa Marekani huko Pearl Harbor, Hawaii, waligunduliwa kuwa hawafi tena kwa DDT, na katika miaka iliyofuata taarifa za namna hiyo zilitoka katika nchi nyingi za tropiki.

Kilichoifuata DDT ni pirethroidi, kundi la kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya asili ya maua ya pareto, zao ambalo Kenya na Tanzania zimelilima kwa miaka mingi. Permethrini, deltamethrini na saipamethrini, majina yanayosomeka kwenye makopo mengi ya dawa za nyumbani, zote ni za kundi hili. Tatizo ni kwamba pirethroidi hushambulia mahali palepale katika neva za mdudu ambapo DDT hushambulia, yaani mlango wa chembe za neva unaopitisha madini ya sodiamu, na badiliko dogo la urithi katika mlango huo humpa mdudu kinga dhidi ya makundi yote mawili kwa mpigo. Hali hiyo huitwa usugu mtambuka. Kunguni aliyerithi kinga dhidi ya DDT enzi za babu yake alikuwa tayari nusu ya njia kuelekea kuishinda dawa mpya.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mapema katika Afrika Mashariki yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka vijiji vya karibu na Muheza, mkoani Tanga, ulionyesha kwamba kunguni wa tropiki katika nyumba zilizotumia vyandarua vilivyotiwa pirethroidi walikuwa wamejenga usugu dhidi ya dawa hizo. Chandarua huning'inia juu ya kitanda usiku kucha, mahali penyewe anapopita kunguni, na dawa yake hupungua nguvu kidogokidogo kwa miaka, hivyo wadudu dhaifu hufa na wenye kinga hubaki wakizaliana. Uganda iligawa vyandarua zaidi ya milioni 20 katika kampeni ya mwaka 2013 na 2014, na imerudia ugawaji wa kitaifa mara kadhaa tangu hapo. Kampeni hizo zimeokoa maisha ya watoto wengi na hakuna hoja ya kunguni inayoweza kuzipinga, lakini ni lazima isemwe kwamba huenda kunguni wengi wa Kampala leo wametokana na koo zilizopitia chujio hilo. Hasara nyingine ni ya imani: familia iliyopokea chandarua na kuona kunguni wametoweka, kisha ikawaona wamerejea, huweza kuamini kwamba chandarua kimeharibika au kwamba ndicho kinachowahifadhi, ikakiondoa, na kumfungulia mbu mlango.

Dawa ya kawaida inaposhindwa, watu hutafuta iliyo kali zaidi, na hapo ndipo hatari inapoingia. Katika mitaa ya Kampala wachuuzi wenye vipaza sauti huuza sumu za panya, mende na kunguni katika vichupa vidogo ambavyo baadhi yake havina lebo ya kueleweka, na miongoni mwa vinavyouzwa kuna dawa za shambani zilizopunguzwa kutoka kwenye madumu makubwa. Diklovosi, kwa mfano, ni ya kundi la oganofosfeti, kemikali zinazozuia kimeng'enya kinachotuliza neva, na madhara yake kwa binadamu aliyeivuta au kuimeza ni jasho jingi, mate, macho kufifia, kifua kubana na, kwa kiwango kikubwa, kifo. Chumba cha mzigo kina dirisha moja au hakina kabisa, watoto hulala kwenye godoro lililowekwa sakafuni, na jiko la mkaa, ndiyo sigiri, mara nyingi limo ndani. Sumu iliyokusudiwa kwa shamba la nyanya lenye upepo haina nafasi katika chumba kama hicho. Serikali ya Uganda ina sheria ya kudhibiti kemikali za kilimo ya mwaka 2006, lakini udhibiti wa dukani haumfikii kwa urahisi mchuuzi anayetembea, na mnunuzi aliyekosa usingizi kwa majuma hawezi kulaumiwa kwa kununua kinachopatikana kwa bei anayoimudu.

Sumu nayo, kama kunguni, haiheshimu ukuta. Agosti 2018, katika hoteli moja huko Hurghada, Misri, wageni wawili kutoka Uingereza walifariki baada ya chumba cha jirani, kilichounganishwa na chao kwa mlango uliofungwa, kupulizwa dawa ya kunguni, na mwaka 2023 uchunguzi rasmi wa vifo hivyo nchini Uingereza uliamua kwamba chanzo kilikuwa kaboni monoksidi iliyotokana na kemikali iliyotumika. Katika miji ya Ghuba, wanakoishi na kufanya kazi maelfu ya Waganda, Wakenya na Watanzania katika vyumba vya pamoja, vidonge vya alumini fosfaidi, vinavyotoa gesi ya fosfini na ambavyo vimekusudiwa maghala ya nafaka, vimewaua watu waliolala nyumba ya jirani bila kujua kinachofanyika upande wa pili. Kwa hiyo anayefukiza chumba kimoja katika safu ya mizigo iliyo na paa wazi anafanya uamuzi kwa niaba ya watoto wa watu wengine, na ni haki ya majirani kuambiwa kabla.

Kwa upande wa afya maelezo yanaweza kuwa mafupi. Kunguni hajathibitika kuwa anaambukiza binadamu ugonjwa wowote katika maisha ya kawaida, ingawa katika maabara ameweza kubeba vijidudu kadhaa. Madhara yake ni mwasho, vidonda vinavyotokana na kujikuna, upungufu wa damu kwa watoto pale wadudu wanapokuwa wengi mno, na ukosefu wa usingizi ambao humfuata mtu kazini na darasani. Kwa kuwa haui, hapewi bajeti wala kipaumbele na idara za afya zenye malaria, kipindupindu na Ebola za kushughulikia, na mpangilio huo wa vipaumbele unaeleweka. Lakini mateso yasiyoua hubaki kuwa mateso, na mzazi anayewasha taa kila saa kukagua shingo ya mtoto wake ana dai halali kwa wenye mamlaka.

Kinachozidisha madhara ni aibu. Methali ya Kiswahili isemayo kikulacho ki nguoni mwako imezoesha watu kumtafuta mdudu kwa yule aliyeumwa, na jamii za mijini zimeongezea hapo imani kwamba kunguni ni matokeo ya uchafu. Imani hiyo ni ya uongo: kunguni hali makombo wala taka, hula damu, na chumba kinachodekiwa kila siku kinamfaa sawa na kisichodekiwa, isipokuwa kwamba vitu vingi vilivyorundikana humwongezea maficho. Hata hivyo, mpangaji anayemwogopa mwenye nyumba kumfukuza, au anayeogopa kusemwa bombani wakati wa kuchota maji, hunyamaza, hununua kichupa kwa siri, hupuliza usiku, na kuwasukuma wadudu waende kwa jirani ambaye naye hunyamaza. Ukimya wa namna hii humsaidia kunguni kuenea kuliko chombo chochote cha usafiri.

Swali la sheria ndilo linaloamua kama jengo litatazamwa kuwa kitu kimoja. Uganda haikosi maandishi ya kuanzia. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya mwaka 1935 na imefanyiwa marekebisho hivi karibuni, inawapa maofisa wa afya uwezo wa kuitangaza nyumba kuwa kero inapokuwa katika hali ya kudhuru afya na kumtaka anayehusika aiondoe. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba apangishe mahali panapofaa kuishi binadamu na kupahifadhi katika hali nzuri, huku ikimtaka mpangaji naye atunze mahali alipopewa. Swali linalobaki ni kama chumba chenye kunguni kinafaa kuishi binadamu, na kama kunguni ni sehemu ya matunzo ya jengo au ya usafi wa mpangaji. Na katika mazungumzo ya kila siku kati ya msimamizi wa nyumba na mpangaji, swali hilo hujibiwa kwa kumwelekea aliye dhaifu zaidi.

Nchi nyingine zimelijibu kwa maandishi. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka wazi kwamba nyumba inayopangishwa lazima isiwe na wadudu waharibifu na vimelea, na ingawa hilo halikuizuia Paris kukumbwa na hofu kubwa ya kunguni katika vuli ya mwaka 2023, lilimpa mpangaji wa huko mahali pa kuanzia madai. Jiji la New York linamtaka mwenye jengo ampe mpangaji mpya taarifa ya historia ya kunguni katika nyumba hiyo na jengo hilo kwa mwaka uliotangulia. Uzuri wa sharti la New York ni kwamba linaugeuza ukimya kuwa hasara kwa anayenyamaza, na ni sharti ambalo halihitaji maabara wala bajeti kubwa. Daftari moja la msimamizi, lenye tarehe, namba ya chumba na hatua iliyochukuliwa, linatosha.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenye nyumba wadogo, nao ni wengi Kampala: mjane mwenye vyumba sita nyuma ya nyumba yake, au mstaafu aliyejenga safu moja kwa kiinua mgongo chake, hana uwezo wa kampuni yenye maghorofa. Pingamizi hili ni la haki, hasa kwa kuwa sheria ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka kwa ongezeko la kodi. Lakini hesabu yake inapaswa kufanywa kwa ukamilifu. Vyumba sita vinavyoshughulikiwa kila kimoja kwa wakati wake na kwa dawa yake, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu kwa sababu wadudu wamerejea kutoka cha jirani, hugharimu kwa jumla zaidi ya vyumba sita vinavyoshughulikiwa wiki moja kwa mpango mmoja. Tofauti ni kwamba gharama ya kwanza imegawanyika katika mifuko ya wapangaji na haionekani, na ya pili ina mtu mmoja wa kuikusanya na kuisimamia. Anayeweza kuikusanya ni mwenye nyumba, kwa mchango wa wapangaji kama wamekubaliana. Katika maghorofa yaliyouzwa nyumba mojamoja kwa mujibu wa sheria ya umiliki wa pamoja ya mwaka 2001, wajibu huo unaangukia chombo cha wamiliki wote, ambacho tayari kina mamlaka juu ya kuta, ngazi na mabomba ya pamoja, yaani juu ya njia zenyewe za kunguni.

Mpango wenyewe unaitwa udhibiti jumuishi, kwa maana ya kutumia njia kadhaa kwa mpangilio badala ya kutegemea sumu peke yake, na nguvu yake yote iko kwenye ukaguzi. Chumba kilicholalamikiwa kinakaguliwa pamoja na vile vinavyopakana nacho kulia, kushoto, juu, chini na ng'ambo ya ukumbi, kwa tochi, kwa kutafuta wadudu hai, maganda waliyojivua na madoa meusi ya kinyesi kwenye mishono na nyufa. Kinachofuata ni joto, adui ambaye kunguni hajapata kumzoea: katika nyuzi 50 za Selsiasi mdudu na mayai yake hufa kwa dakika chache, hivyo maji yanayochemka yaliyomwagwa kwenye chaga na maungio ya kitanda nje ya nyumba, nguo na shuka zilizofuliwa kwa maji ya moto, pasi inayopitishwa polepole kwenye mishono ya pazia, na mashine ya mvuke panapokuwa na uwezo, hufanya kazi ambayo kopo la dawa haliifanyi. Kuanika godoro juani, desturi iliyoenea sana, husaidia kuwaona wadudu na kuwapangusa lakini hakuwaui walio ndani, kwa kuwa katikati ya sponji joto halifiki kiwango hicho na walio juu huhamia upande wa kivuli. Godoro linalofaa kuokolewa hufunikwa kwa mfuko mzima wenye zipu, na lililochakaa hukatwakatwa kabla ya kutupwa, la sivyo litaokotwa na kuingia nyumba nyingine jioni hiyohiyo.

Dawa ina nafasi yake katika mpango huu, lakini ni nafasi ya pili. Mpulizaji mwenye mafunzo atumie dawa zilizosajiliwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, achague zilizochanganywa kutoka makundi tofauti ya kemikali ili usugu dhidi ya moja usiharibu kazi nzima, na azielekeze kwenye nyufa badala ya kulowesha kuta na magodoro. Poda za silika, zinazomuua mdudu kwa kuifyonza nta ya mwilini mwake hadi akauke, zinafaa hasa kuwekwa ndani ya nyufa zilizo mbali na watoto, na kwa kuwa hazigusi neva, usugu dhidi ya pirethroidi hauzibatilishi. Kwa kuwa mayai mengi husalimika katika mpulizo wa kwanza, kazi hurudiwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne, tunutu wakiwa wameshaanguliwa na kabla hawajakomaa kutaga, na mara nyingi mzunguko wa tatu huhitajika; kampuni inayoahidi kumaliza kwa siku moja haistahili kulipwa. Kisha fundi huziba kwa saruji au plasta mashimo ya mabomba na nyufa, hukaza vifuniko vya soketi, hufunga ncha za mabomba ya vitanda vya chuma na, pale safu ya mizigo inapohusika, huendeleza ukuta hadi kwenye bati au huweka dari. Kazi hiyo ya fundi hutengwa mara nyingi na udhibiti wa wadudu kana kwamba ni jambo jingine, wakati ndiyo sehemu pekee ya matumizi yote ambayo haihitaji kurudiwa mwaka unaofuata.

Upo wakati ambao haya yote huwa mepesi zaidi, nao ni siku chache ambazo chumba kiko kitupu kati ya mpangaji anayeondoka na anayeingia. Vitu vimetoka, kuta zinafikika, hakuna mtoto wa kuhamisha. Desturi ya sasa ni kuzitumia siku hizo kupaka rangi, mara nyingi juu ya nyufa zilezile, kwa kuwa kila usiku usio na mpangaji ni kodi iliyopotea. Lakini kunguni walioachwa katika chumba kitupu huweza kusubiri wiki nyingi bila kula, na baadhi yao, wasipopata joto na pumzi ya mtu, huanza kutafuta njia ya kwenda alikolala binadamu wa karibu zaidi. Kwa hiyo ukaguzi wa chumba kinachoachwa unapaswa kuvigusa vyumba viwili vinavyopakana nacho wiki hiyohiyo, uzibaji wa nyufa utangulie rangi, na tarehe ya kazi hiyo iandikwe kwenye mkataba wa anayeingia, mahali ambapo yeye na mwenye nyumba wote wawili wataweka sahihi.